Vigae Tusivitupe: Wito kwa Watu wa Pemba

Ndugu zangu wa Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni, na nyinyi ambao riziki imewapeleka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, nina ombi kwenu. Kila Ramadhani inapokaribia, na tena siku mbili tatu kabla ya Idi, majumbani mwetu vyombo hutolewa. Kabati hufunguliwa, sahani husuguliwa moja moja, na kila chenye ufa au kilichomeguka mdomo huwekwa kando. Mwisho wake ni jaani. Mtoto hutumwa na ndoo, akaenda kumwaga nyuma ya nyumba penye migomba, na habari ya chombo kile ikaishia hapo. Mwaka huu naomba tuvizuie. Vilivyovunjika tuviunge, na vile ambavyo tayari viko chini ya ardhi tuviache vilipo mpaka aje mwenye ujuzi wa kuvifukua.

Siombi hivi kwa ajili ya kubana matumizi. Sahani mpya inapatikana dukani kwa bei isiyomtisha mtu. Naomba kwa sababu kisiwa chetu hakikuachiwa maandishi mengi ya zamani. Karatasi zimeharibiwa na unyevu, mbao zimeliwa na mchwa, nyumba za miti na udongo zimeanguka zikaota magugu. Udongo uliochomwa ndio uliovumilia. Mtu akitaka kujua Pemba ilikula nini, ilifanya biashara na nani, na wageni wake iliwaandalia kwa chombo gani, atapata majibu mengi katika vigae kuliko katika vitabu. Na kumbukumbu hiyo haiko kwenye magofu peke yake. Imo katika makabati yetu, na kila mwaka tunaipunguza kwa ndoo.

Wajapani wana ufundi wa kuunga vyombo uitwao kintsugi. Fundi wake hafichi ufa. Huunganisha vipande kwa utomvu wa mti wa urushi, husubiri ugande, hukwangua, hupaka tena, na mwisho hunyunyiza vumbi la dhahabu juu ya mshono. Chombo humrudia mwenyewe kikiwa na mistari inayong'aa pale pale kilipovunjikia. Kazi moja huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na hapana anayeona kuwa muda huo umepotea.

Kuna bakuli moja katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo ambalo kila anayesimulia habari za ufundi huu hulitaja. Ni bakuli la kijani, lililochomwa China katika matanuri ya Longquan, mkoa wa Zhejiang, karne ya 13. Katika karne ya 15 lilikuwa mikononi mwa Ashikaga Yoshimasa, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani na mpenzi mkubwa wa chai na vyombo vyake. Likapata ufa. Maelezo yaliyoandikwa mwaka 1727 na mwanachuoni Ito Togai yanasema kwamba Yoshimasa alilipeleka China akaomba apewe jingine la mfano ule. Jibu lilikuja kwamba la namna ile halitengenezwi tena. Mafundi wa huko wakalikaza kwa pini za chuma, wakalirudisha. Wajapani walipoziona pini zile zimekaa juu ya ule ukijani walizifananisha na nzige, na bakuli likapewa jina lake, Bakohan, kwa sababu hiyo. Wengi husema kuwa pini hizo zilimchukiza Yoshimasa, na kwamba kintsugi ilizaliwa kutokana na chuki hiyo. Mimi hadithi hiyo hainiingii akilini. Bakuli limetunzwa kwa karne nyingi pamoja na pini zake, likapewa jina kwa ajili yake. Hayo ni matendo ya watu walioupenda mshono.

Bakuli hilo linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Matanuri yale yale ya Longquan yalikuwa yakichoma vyombo vya kupakiwa merikebuni kuja upande wetu. Vigae vyake vya kijani hupatikana katika magofu ya miji ya pwani, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa, na Pemba imo. Ras Mkumbuu, ile rasi ndefu iliyo magharibi ya Chake Chake, ulikuwapo mji wenye msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo, na James Kirkman alipochapisha matokeo ya uchimbaji wake wa hapo mwaka 1959, vigae vya kigeni vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosaidia kujua mji ule uliishi lini. Wazee wetu waliothamini kaure ya China hawakuiweka mezani tu. Katika makaburi ya nguzo ya pwani hii, Kunduchi yakiwamo, walipachika sahani na mabakuli ndani ya chokaa, marehemu akalala na uzuri juu yake. Leo mengi ya makaburi hayo yamebaki na vishimo vitupu, kwa kuwa watu wamevibandua vyombo wakaenda navyo.

Na zile pini za chuma hazikuwa miujiza. Mtengenezaji wa vyombo wa China alitoboa kaure kwa keekee ya upinde yenye ncha ya almasi, tundu lisifike upande wa pili, kisha akapachika pini iliyopinda ncha zake. Keekee ya upinde sisi tunaijua. Mafundi wetu wa milango na wa majahazi wameitumia vizazi na vizazi. Mikono ya kazi hii tunayo.

Sasa niwaonyeshe sahani moja, maana jambo hili halieleweki kwa maneno matupu. Ni nyeupe, pana kidogo, na ukingoni ina ukanda wa buluu iliyopakwa kwa mkono. Ukiifuata kwa kidole utakuta mahali brashi ilipokwisha rangi ikachovywa tena. Ipindueni. Katikati ya kitako kuna muhuri uliofifia wa sfinksi, yule mnyama mwenye kichwa cha mtu, na jina la Maastricht. Huo ni mji wa Uholanzi, na muhuri ni wa kiwanda cha Petrus Regout, kilichotengeneza vyombo kwa wingi katika karne ya 19 na kuvisafirisha mpaka masoko ya pwani yetu. Sahani hii imepasuka vipande vitatu vikubwa na kimoja kidogo cha pembe tatu. Uso wake una wekundu hafifu usiotoka kwa sabuni. Ni zafarani. Sahani hii iliandikiwa kombe: aya zikaandikwa kwa kalamu juu ya ule weupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Wangapi walikunywa kutoka humo, wakiwa na homa, wakiwa na mimba, wakiwa na huzuni isiyo na jina? Ndani ya kabati sahani kama hii huwekwa nyuma kabisa, na ikivunjika mwenye nyumba hunyamaza kwa muda kabla hajachukua ufagio.

Sahani za namna hii zilifikaje kwetu kwa wingi? Jibu moja ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, bei ikapanda, na Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la zao hilo. Fedha zikaingia, na vyombo vikaingia nyuma yake. Mwanaakiolojia Sarah Croucher alichimba Mgoli, hapa hapa Pemba, penye mabaki ya shamba la karafuu la karne ya 19, na kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu maisha ya mashamba hayo kinategemea sana vyombo: vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji pamoja na vyombo vya viwanda vya Ulaya. Katika mashamba hayo waliishi mabwana na watumwa, na watumwa wengi hawakuacha hata jina kwenye karatasi. Kigae cha chungu walichopikia ni katika alama chache walizotuachia. Ninapoomba tusitupe ovyo, nawafikiria hao pia.

Nimetaja dhahabu, na najua msomaji wa Pemba ameshajiuliza swali. Sisi ni Waislamu, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba vyombo vya dhahabu na fedha si vya kulia wala kunywea. Basi tuliseme wazi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba kikombe cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kilivunjika, na pale penye ufa pakawekwa mnyororo wa fedha. Wanazuoni wa Kishafi, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu yao, walilijadili jambo hili la chombo kilichotiwa kiraka cha madini. Kiraka cha dhahabu wamekikataza. Cha fedha, kikiwa kidogo na kwa haja ya kuunga, wamekiruhusu. Mwenye shaka amwendee shekhe wa mtaa wake, atamfafanulia kwa upana kuliko niwezavyo.

Kwa hiyo nasema hivi: dhahabu tuwaachie Wajapani, sisi tutumie fedha. Wao wenyewe wana mshono wa fedha, nao ni mzuri, wa baridi na upole, na juu ya sahani nyeupe yenye buluu hupendeza zaidi ya dhahabu. Tena fedha ni madini ambayo kisiwa hiki kiliyajua mapema. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, pamoja na dinari chache za dhahabu. Hazina hiyo ni ya karne ya 11. Juu ya vile visarafu yamegongwa majina ya watawala wa pwani, na Ali bin al-Hasan yumo. Kama aliyezikuta angezipeleka zikayeyushwe bangili, majina yale yangeyeyuka nazo.

Fedha ina aibu yake moja: hewa ya bahari huitia weusi. Hilo lisiwatishe. Kitambaa laini cha pamba kinatosha kuirudishia mng'aro, na kusugua mshono mara moja kwa mwaka ni sababu nzuri ya kukitoa chombo kabatini na kukisimulia kwa watoto.

Niseme sasa kuhusu utomvu, kwa kuwa hapo ndipo jambo lilipo tamu. Urushi hukingwa kwa kuutia mti mikwaruzo. Mti hungojewa zaidi ya miaka 10 ndipo ukingwe, na msimu mzima hutoa kama gramu 200. Utomvu huo haukauki kama rangi ya mafuta. Hugandishwa na unyevu; fundi wa Japani hulazimika kukiweka chombo ndani ya kasha lenye unyevu wa hewa wa asilimia 70 hadi 85 na joto la nyuzi 20 hadi 30. Ndugu zangu, hiyo ni hewa ya Pemba wakati wa masika, tunayoivuta bure. Utomvu ukiwa mbichi huwasha ngozi na kutoa vipele vibaya. Hilo nalo si geni kwetu, maana mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkanju. Mtoto aliyechuma embe bichi likamtonea midomoni, au aliyechoma korosho kwenye debe yakamrukia mafuta ya ganda, ameshaujua ukali wake. Na Wajapani, kwa sababu urushi ni ghali, wana rangi wanayoitengeneza kutokana na mafuta ya ganda la korosho, nayo hutumika badala ya urushi katika kazi nyingi, kuunga vyombo ikiwemo. Nchi yetu inavuna korosho Mtwara na Lindi kwa maelfu ya tani, na Pemba mikanju imejaa. Walimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kina kampasi yake Mchangamdogo, nawaomba mlitazame hili. Sisemi ni kazi nyepesi. Mafuta ya ganda yanahitaji kuchemshwa na kuchanganywa kwa ujuzi, tena kwa hadhari. Lakini malighafi imo mikononi mwetu na tunaichoma moto.

Wakati tunangoja hilo, mtu anaweza kuanza na gundi ya mirija miwili inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chombo kikivunjika, okota kila kipande, hata punje, ukivitia kwenye mfuko mmoja. Usifagie. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Kisha vipange bila gundi, ujue kipi kinaingia wapi, na uvitie namba kwa penseli upande wa nyuma, kwa sababu ukianza bila mpango utafika mwisho kipande cha mwisho kimekosa nafasi ya kuingia. Anza na kitako, upande juu. Gundi iwe nyembamba, upande mmoja tu wa mpasuko. Halafu chukua beseni, ulijaze mchanga mkavu wa pwani uliochekechwa, na kila ukiunga kipande ukisimamishe chombo ndani ya mchanga ule, kipande kipya kikiwa juu, kimelala kwa uzito wake chenyewe. Mikono haiwezi kushika kwa saa nzima bila kutikisika. Mchanga unaweza. Ngoja siku nzima kabla ya kuunga kingine.

Palipomeguka pakabaki pengo, changanya gundi na unga laini wa tofali au wa chaki, uzibe, na ikishakuwa ngumu uisawazishe kwa msasa mlaini. Mwisho wa yote ni mstari. Kwa brashi nyembamba upake gundi au vanishi juu ya mshono, ingoje ianze kunata, kisha uinyunyizie vumbi la fedha. Masonara wana vumbi la tupa wanalolifagia mezani kila jioni. Likichekechwa kwa kitambaa chembamba linafaa. Asiyeweza fedha atumie rangi nyekundu au nyeusi, na asijione amepungukiwa, kwani chini ya dhahabu ya Wajapani huwa kuna tabaka la urushi mwekundu au mweusi, na mafundi wengine huishia hapo.

Jambo hili lishikwe sana: chombo kilichoungwa kwa gundi ya dukani hakirudi kuliwa wala kunyweshewa mtu. Hakiwekwi motoni, hakitiwi chai ya moto. Sahani ya kombe iliyoungwa hivyo ipumzike kabatini. Chetezo nacho kisiungwe kwa gundi, maana makaa yataiunguza na moshi wake si wa kuvutwa. Na vipande vya kaure hukata vibaya, kwa hiyo watoto wafanye kazi hii mbele ya mtu mzima.

Wapo watakaosema kuweka chombo chenye mshono mbele ya wageni ni aibu. Nendeni ufukweni wakati maji yamekupwa mkatazame dau linavyokalafatiwa. Pamba inasukumwa ndani ya kila ufa, sifa inapakwa, viraka vya mbao vinaonekana waziwazi, na hakuna aliyewahi kumcheka mwenye dau. Humsifu fundi. Kwa nini sahani ya bibi isipewe heshima ile ile?

Wala kutumia kilichovunjika hatukufundishwa na mgeni. Tumbe, ambako leo watu wanakwenda kununua samaki, kulikuwa na makazi makubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Adria LaViolette, Jeffrey Fleisher na wenzao, waliochimba huko katika miaka ya mwanzo ya 2000, walikuta kwa wingi vigae vya vyungu vyenye michirizi mirefu iliyolika. Waliokaa pale waliokota chungu kilichovunjika, wakakitumia kama tupa: walikwaruzia humo vipande vya kombe la bahari mpaka vikawa ushanga wa duara. Ule mchirizi ni njia ya mkono wa mtu aliyekaa mlangoni pake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita akafanya kazi kwa kitu ambacho mwingine angekitupa. Na bibi zetu je? Kigae cha chungu ndicho walichokwenda nacho kwa jirani kuomba kaa la moto, na ndicho walichofukizia ubani.

Lakini hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu wito wangu una pande mbili na zisichanganywe. Chombo cha nyumbani kwako, ulichorithi au ulichonunua, ni chako. Kiunge kwa fedha, kipambe upendavyo. Kigae kilicho ardhini Ras Mkumbuu, Pujini, Chwaka, Mtambwe Mkuu au shambani kwako si cha kuunga wala kuokota. Thamani yake iko mahali kilipolalia. Anayefukua kwa taaluma hutazama tabaka la udongo, kina chake, majivu yaliyo pembeni, mbegu zilizoungua jirani yake. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba waliokaa Tumbe na waliokuja baada yao Chwaka hawakula sawa, na kwamba mchele ulishika nafasi kubwa zaidi huko Chwaka baadaye. Kigae kikishatiwa mfukoni kikapelekwa nyumbani, kinakuwa kipande cha udongo chenye rangi nzuri na basi. Wahifadhi wa makumbusho wenyewe wanapounga chombo cha kale hutumia gundi inayoweza kuyeyushwa tena, ili fundi wa kesho mwenye ujuzi zaidi aweze kuifungua kazi yao. Gundi yetu ya dukani haifunguki kwa urahisi.

Kwa hiyo mkulima akichimba shimo la muhogo akakutana na vigae vingi, au ukuta, au sarafu, asiendelee. Afunike, amwarifu sheha, na habari ifike kwa wanaosimamia Makumbusho ya Pemba yaliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake. Na wenzetu mnaowatembeza wageni, msiwauzie vigae wala sarafu, wala msiwaachie waviokote. Mgeni atakayeona kigae mahali pake na kusikia maelezo yake kutoka kwako atakulipa, na kesho atakuja mwingine akikute.

Yapo ninayoyaomba kwa watu mahususi. Walimu wa skuli, kipindi kimoja cha historia mwambieni kila mtoto alete chombo kilichovunjika kwao pamoja na habari yake aliyoisikia kwa bibi au babu. Mtapata somo ambalo halimo kitabuni, na bibi ataulizwa maswali ambayo hajaulizwa kwa miaka. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kinawafundisha vijana wetu useremala, ushoni na ufundi mwingine. Kuunga vyombo ni kazi ya meza moja, beseni moja la mchanga na subira, na ingeweza kuingizwa humo bila gharama ya kutisha. Masonara wa Chake Chake na Wete, vijana wakija kuomba vumbi la fedha msiwafukuze, na mkiweza muwaonyeshe jinsi ya kulisaga. Mama zetu wafinyanzi, mnaofinyanga kwa mkono bila gurudumu, nyinyi ndio mnaojua udongo upi unapasuka na kwa nini; tunataka mkae kwenye meza hiyo kama walimu. Nasi wengine tununue kwao chungu cha kupikia samaki na mtungi wa maji, kwa sababu ufundi wa kuunga utakosa cha kuunga siku wa kufinyanga utakapokufa.

Na nyinyi mlioko Maskati, Mombasa au London, ambao mlipoondoka mlifunga sahani mbili tatu katikati ya nguo, pigeni picha ya uso wa chombo na ya kitako chake, penye muhuri, mzitume kwa jamaa huku. Pengine nusu ya seti iko kwenu na nusu iko Wete, na hakuna anayejua.

Kila chombo kitakachoungwa kiwekewe karatasi ndani yake au chini yake, imekunjwa katika plastiki isipate unyevu. Andikeni jina la aliyekinunua au aliyepewa, na shehia aliyoishi. Andikeni kilitumika kwa nini: harusi, hitima, kombe, chakula cha mgeni. Andikeni kilivunjika mwaka gani na kwa sababu gani, hata kama ni paka, na nani alikiunga, kwa gundi gani, ili atakayekifungua ajue. Kama hajulikani aliyekinunua, andikeni jina la mtu mkubwa kabisa anayekikumbuka, na mkamuulize mapema.